Joto la Bati: Fundi au Mwenye Nyumba?

 Tuzungumze habari ya paa lililo juu ya kichwa chako.

Mji wetu wa Tabora upo nyuzi tano kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi hatuhangaiki sana, maana mvua ingali inanyesha, mawingu yametanda na ardhi imelowa. Oktoba ni habari nyingine. Mvua imekatika tangu Mei, miombo imepukutisha majani, anga ni tupu, na jua linashuka wima juu ya mabati. Saa sita mchana, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Nyumba yenye paa la mita 80 za mraba, ambayo ni nyumba ya kawaida tu pale Isevya au Kiloleni, huwa inapokea karibu kilowati 80 za nguvu ya jua.

Ndiyo maana kila mwaka, kuanzia Septemba, maswali ni yale yale. Mama ana mtoto mchanga asiyelala mchana. Mwalimu anasahihisha madaftari nje chini ya mwembe kwa sababu ndani hakukaliki. Mzee amehamishia kitanda ukumbini. Wote wanauliza: niweke dari? Niweke kitu cha kuzuia joto juu ya dari? Na je, kazi hiyo naiweza mwenyewe, au nimwite fundi?

Leo nataka tulijibu swali hilo hadi mwisho, kwa sababu jibu ninalolisikia mara nyingi, la kusubiri upate pesa kisha umwachie fundi, linawaacha watu wengi wakiteseka miaka na miaka bila sababu.

Tuanze na waliotutangulia. Mji huu umekua juu ya njia ya misafara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, mwezi Novemba 1857, wakitokea pwani mkabala na Unguja, walikuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi katika matembe: nyumba za mraba zenye kuta nene za udongo, ua wa ndani, na paa bapa la magogo na fito lililofunikwa kwa udongo. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaona tembe linalokumbusha lile alilokaa mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871, na ambamo yeye na mmisionari Livingstone walifikia Februari 1872 baada ya kukutana Ujiji. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alibaki pale hadi Agosti, akisubiri wapagazi.

Kwa nini udongo juu ya paa? Kwa sababu udongo ni mzito na mzembe wa kupokea joto. Jua la saa sita hulichoma tabaka la juu, na joto lenyewe hupenya polepole, saa baada ya saa. Linapokaribia kufika ndani, jua limeshatua na upepo wa usiku umeanza kulipoza paa kutoka juu. Mchana ndani kuna ubaridi, usiku kuna uvuguvugu. Nyumba ya msonge ya Wanyamwezi ilifikia lengo hilo hilo kwa njia nyingine: nyasi nene zilizojaa hewa kati ya bua na bua. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, na hiyo ndiyo siri ya vizuia joto vingi duniani, hata vile vinavyouzwa leo kwa bei kubwa.

Lakini lipo jambo la pili kuhusu tembe, na ndilo ninalotaka ulishike. Lile paa lilihitaji kutunzwa. Mvua ililimomonyoa, mchwa waliyala magogo, nyufa zilijitokeza. Mwenye nyumba alilazimika kupanda, kukagua, kukandika upya. Kwa hiyo ujuzi wa paa ulikuwa nyumbani. Baba alijua, mama alijua, kijana alijifunza kwa kubeba udongo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mzigo mzito kutoka pwani ukawa rahisi kuletwa. Baada ya hapo, mwaka hadi mwaka, bati limeshinda. Mimi silidharau bati hata kidogo. Halishiki moto kama nyasi, mchwa hawaliwezi, na linakuvunia maji safi ya mvua. Lakini bati la geji 30 lina unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Joto linalipita papo hapo. Halina uzito wa udongo wala hewa ya nyasi. Na pamoja na bati, ujuzi wa paa ulihama kutoka kwa mwenye nyumba ukaenda kwa fundi. Sisi tukabaki chini, tunaangalia juu, tunauliza bei.

Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge watanielewa haraka nikisema kwamba nyumba ya bati isiyo na dari, mwezi wa Oktoba, ni bani la kukaushia tumbaku. Katika bani tunataka joto liingie na libaki ili majani yakauke. Tatizo ni kwamba ndani ya nyumba yetu hakuna tumbaku, kuna watoto.

Sasa tuone joto linavyofika kwenye ngozi yako. Bati likishachemka, linafanya mambo mawili. Kwanza linaipasha hewa iliyo chini yake. Hewa hiyo ni nyepesi, kwa hiyo hubaki juu, na ukiifungulia njia hutoka. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, bati linamimina miale ya joto kwenda chini, miale usiyoiona, inayofika moja kwa moja kwenye kichwa, kitanda na sakafu. Ndiyo maana unaweza kufungua madirisha yote, upepo ukapita, na bado ukahisi utosi unaungua.

Kwa hiyo kazi zipo tatu, na zina mpangilio wake. Ya kwanza ni kulizuia jua lisipokelewe na bati. Ya pili ni kuitoa hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari. Ya tatu ni kuizuia miale na joto lililobaki lisishuke chumbani. Watu wengi huanza na kuishia na ya tatu, tena ile sehemu yake inayoonekana: jipsamu yenye maua na taa za rangi. Dari ya jipsamu ni nzuri na inasaidia. Lakini maua hayazuii joto. Kinachozuia joto ni kile kilicho juu ya dari, ambacho mgeni hakioni.

Hapo ndipo swali la fundi au mwenyewe linapopata maana. Kipimo changu ni hiki. Jiulize: kazi hii ikikosewa, nini kitatokea? Kama kosa linaweza kuua mtu, kuangusha dari au kuunguza nyumba, mpe mwenye ujuzi na leseni. Kama kosa litaleta joto kidogo tu, na wewe mwenyewe unaweza kuliona na kulirekebisha wiki ijayo, ifanye mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu kazi ya kuzuia joto, sehemu yake kubwa, inataka uvumilivu wa kuziba kila mwanya na kufika kila kona. Fundi anayelipwa kwa chumba anataka amalize aende kazi nyingine, naye ana haki, ana familia. Wewe ndiye utakayelala pale. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi wewe unayelala ndani ndiye unayeijua ila hiyo.

Tuziangalie kazi moja moja.

Kulizuia jua. Bati lililoshika kutu hunywa jua kwa wingi. Rangi nyeupe ya mabati hurudisha zaidi ya nusu ya jua, na ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, hata kwa mtu asiye na dari kabisa. Paa la chini, la mteremko mdogo, waweza kulipaka mwenyewe pamoja na mwenzako wa kushika ngazi. Sugua kutu kwanza, osha vumbi, acha likauke. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo papi zilipo. Ukikanyaga katikati bati litabonyea na litavuja. Kagua pia mpira wa kila msumari, kwa sababu ulioisha ndiyo chanzo cha matone yatakayoharibu dari yako baadaye. Paa la juu au la mteremko mkali mwachie fundi aliyezoea. Mti nao ni kazi yako. Miembe iliyopandwa kandokando ya njia ya misafara ilimpa mpagazi kivuli, na mwembe uliopandwa upande wa magharibi wa nyumba, kwa umbali ambao matawi hayataligusa paa, utamkinga mjukuu wako na jua la alasiri.

Kuitoa hewa ya moto. Juu ya dari lazima hewa iingie upande mmoja, kwa chini, na itoke upande mwingine, kwa juu. Matundu kwenye ile pembetatu ya ukuta inayofika kileleni, kila upande, yanatosha kwa nyumba nyingi. Kuyatoboa ni kazi ya mwashi. Kuyawekea wavu ni kazi yako, na usiiahirishe. Hapa kwetu kuna nyuki wengi, ndiyo sifa ya misitu yetu. Kundi la nyuki likipata tundu tupu chini ya bati, litahamia. Wakishaingia, usipande na mwenge. Moto juu ya dari yenye mbao kavu na nyaya ni msiba. Mwite mrina asali, anajua kuwaondoa. Popo nao huingia usiku na kuacha kinyesi ambacho vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Ukisafisha, kiloweshe kwanza na ufunike pua na mdomo.

Kuzuia miale. Hapa kuna kitu kinachoshinda kwa wepesi na kwa unafuu wa bei: karatasi ya foili ya alumini inayotengenezwa kwa ajili ya mapaa. Uso wake unaong'aa hurudisha miale ya joto kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini ina sharti moja ambalo mafundi wengi hulivunja. Uso unaong'aa lazima utazame hewa. Ukiibana foili kati ya vitu viwili vinavyogusana, joto litapita ndani yake kwa urahisi, maana alumini ni metali inayopitisha joto vizuri. Acha nafasi ya angalau sentimita mbili na nusu. Na uso unaong'aa utazame chini. Vumbi la Tabora tunalijua. Likitua juu ya foili linaizima, lakini halitui kwenye uso unaotazama chini.

Wakati mzuri wa kuiweka ni siku ya kupaua, kabla bati halijapigiliwa. Basi wewe unayejenga mwaka huu, mwambie fundi mapema, kabla hajapandisha kenchi. Nyumba iliyokwisha kuezekwa, foili hupigiliwa chini ya kenchi au hutandazwa juu ya mbao za dari, nafasi ya hewa ikibaki chini yake. Hii ni kazi ambayo mwenye nyumba makini na kijana wake wanaiweza, ila sikiliza kwanza yaliyotokea Australia.

Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianza mpango mkubwa wa kuweka vizuia joto juu ya dari za wananchi. Vijana wengi waliajiriwa haraka na makampuni, wakapewa mafunzo kidogo au wasipewe. Ndani ya miezi michache vijana 4 walikufa. Watatu waliuawa na umeme. Mmoja alizidiwa na joto la juu ya dari. Katika baadhi ya vifo hivyo kulikuwa na foili iliyopigiliwa pini za chuma zikatoboa nyaya. Mpango ulifungwa Februari 2010, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake mwaka 2014. Nakuomba uzingatie: wale hawakuwa watu waliojifanyia kazi majumbani kwao. Walikuwa wameajiriwa. Kulipa mtu si kinga. Kinga ni ujuzi wa mtu huyo, na wewe kujua cha kumuuliza.

Kwa hiyo, kabla mtu yeyote hajapanda juu ya dari, zima swichi kuu. Usiseme taa zimezimwa, zima swichi kuu. Nyaya zilizochubuka, viungio vilivyofungwa kwa plastiki, taa za kuzamisha kwenye dari, vyote mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, avipange upya kabla hujafunika chochote. Na fanya kazi alfajiri. Saa nne ikifika, shuka. Joto la pale juu mwezi wa Oktoba halimwogopi kijana mwenye nguvu.

Vipi vitu vya bure? Watu huniuliza habari ya pumba za mpunga, na Nzega na Igunga zinazo tele. Pumba zina hewa nyingi ndani yake na huzuia joto vizuri, nazo hazishiki moto kwa kasi kama majani makavu. Ila lazima ziwe safi, bila chenga, la sivyo unawaita panya. Dari iwe imara, na zisikaribie nyaya wala taa. Maranda ya useremala na pamba ghafi siyapendekezi kabisa juu ya dari. Cheche moja yatosha. Viroba vilivyoshonwa kama dari navyo hushika moto na kudondosha matone ya moto, kwa hiyo usivitundike juu ya jiko wala juu ya kibatari.

Lipo jambo moja ambalo wewe mwenyewe wala fundi wa kawaida hampaswi kuligusa. Baadhi ya majengo ya zamani, hasa ya umma, yana paa au dari za asbestosi: vigae vigumu vya kijivu vyenye mawimbi, kama saruji nyembamba. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi. Usilikate, usilitoboe, usilisugue. Likiwa zima, liache, kisha uwasiliane na halmashauri.

Sasa dari yenyewe. Kupima ni kazi yako, na usikubali kupimiwa. Bodi ya jipsamu ya kawaida ina mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12. Gawanya: ni bodi 4 na kipande, kwa hiyo nunua 5. Ukiambiwa 8, uliza 3 zinakwenda wapi. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili, kila baada ya sentimita 60, ndiyo inayobeba bodi hizo. Kuifunga fremu kwenye kenchi na kuipandisha bodi nzito ni kazi ya fundi, maana ikidondoka usiku inamdondokea aliyelala. Mtafute aliyepita chuo cha ufundi cha VETA, au ambaye kazi yake unaweza kwenda kuiona ikiwa na miaka kadhaa. Andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari: nani ananunua vifaa, malipo ni awamu ngapi, kazi inaisha lini.

Na katika karatasi hiyo weka sharti hili kwa maandishi: dari haifungwi kabla mwenye nyumba hajapanda ngazi na kuona kilicho juu yake. Foili ipo? Imetazama chini? Nyaya zimepangwa? Matundu hayakuzibwa? Pembe zote zimefikiwa? Baada ya bodi ya mwisho hakuna atakayeona tena. Malipo ya mwisho yafuate ukaguzi huo. Fundi mwaminifu hatakataa, tena atafurahi, kwa sababu kazi yake nzuri imeonekana.

Dari ina faida nyingine ambayo katika mkoa wetu ina uzito wa pekee. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia nafasi kati ya ukuta na paa. Uchunguzi uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa dari ya wavu ziliingiwa na mbu wachache, na watoto wa humo wenye upungufu wa damu walikuwa wachache pia. Hapa kwetu, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ikiongoza kwa malaria ya watoto chini ya miaka mitano Tanzania Bara: zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na vimelea. Dari ya wavu, ambayo ni wavu na fito, unaiweza wewe mwenyewe kwa nyundo na mkasi. Haitazuia joto jingi. Itazuia mbu usiku huu huu, huku ukijipanga kwa foili na bodi.

Msikilizaji, jambo la mwisho linatuhusu kwa pamoja. Tumejenga madarasa mengi kwa nguvu za wananchi, na tunajivunia. Lakini bajeti ikibana, kinachokatwa kwanza ni dari. Matokeo yake, Novemba kijana wa kidato cha nne anafanya mtihani wa taifa chini ya bati tupu, na mvua ya kwanza ikishuka, mwalimu wa darasa la jirani ananyamaza kwa sababu hasikiki. Mtoto huyo hawezi kuhamia chini ya mwembe, wala hana fundi wa kumwita.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Nyumbani kwako, kati ya Juni na Agosti, wakati mvua haipo na fedha ya mavuno na ya masoko ya tumbaku ingalipo, panda ngazi asubuhi moja, uone kilicho chini ya bati lako, uandike kipi utafanya mwenyewe na kipi utamlipa fundi. Na kwenye kikao kijacho cha shule, kabla hamjapitisha hesabu ya darasa jipya, simama uulize: foili na dari zimo? Kama hazimo, darasa hilo halijakamilika, na hesabu hiyo isipitishwe.